Mgomo haung'oi nanga

Mwalimu mmoja wa Kisauni, ambaye ni mwakilishi wa wenzake shuleni, aniuliza hivi: "Twatayarisha tangazo la wanachama. Wengine wataka tuandike 'muungano wa walimu', wengine 'chama cha walimu'. Lipi sahihi? Na je, mgomo wetu utakapong'oa nanga, kisha viongozi wakaukatiza, tuseme umesitishwa au umefutwa?"

Nianze na lililo jepesi. Andikeni chama. Wenzenu wa ng'ambo ya Lungalunga wana Chama cha Walimu Tanzania, CWT, na hakuna aliyekosa usingizi kwa jina hilo. Hapa kwetu Kenya KNUT ya walimu, iliyoanzishwa 1957, ni chama. KUPPET ya walimu wa sekondari ni chama. KMPDU ya madaktari pia ni chama. Mtu hujiunga yeye na jina lake, na ada yake ikakatwa kwenye mshahara. Muungano ni wa vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa na mwili wake: Tanganyika na Zanzibar ziliungana 1964, na COTU ya wafanyakazi wa Kenya, iliyoundwa 1965, ni muungano kwa kuwa ndani yake mna vyama. Anayeandika "Muungano wa Walimu" ameliona neno la Kiingereza "union" kwenye jina akalitafsiri mbiombio. Sitamshika shati. Limeshaenea, na wengine hulikimbilia kwa kuchelea neno "chama" lisidhaniwe la siasa, woga ambao nchini mwetu una sababu zake.

Sasa tuje kwenye hiyo nanga.

Mwalimu, umeandika "utakapong'oa nanga" kana kwamba hukusema kitu. Sikulaumu wewe. Uliyasikia redioni asubuhi, ukayakuta gazetini mchana, na usiku msomaji wa habari akakukumbusha usije ukasahau. Mitihani yang'oa nanga. Ligi yang'oa nanga. Kongamano la magavana, kampeni ya chanjo, usajili wa wapiga kura, vyote vyang'oa nanga. Bahari ya Hindi imejaa makongamano, ajabu ni kwamba meli bado zapata njia ya kupita.

Nanga sisi twaijua. Neno lenyewe husemwa asili yake ni Kiajemi, langar, na tusikawie hapo. Itazame kazi yake. Simama Bandari ya Kale hapa Mombasa kukipambazuka, chombo kinapojitayarisha kutoka. Baharia aivuta amari, kamba ya nanga, mkono baada ya mkono, imelowa, yaacha tope kwenye mbao, mwenzake nyuma aikunja. Nanga ikiachia chini, chombo hugeuka kidogo chenyewe, hakikuambiwa na mtu. Hapo ndipo nahodha aamrishapo tanga litwekwe. Kung'oa nanga ni kuondoka. Kilichokuwa kimesimama sasa chaenda.

Na kugoma je? Punda akigoma, amesimama na mzigo wake kichochoroni na husukumi ukamweza. Gari likigoma Makupa, abiria hushuka wakaenda kwa miguu. Kugoma ni kukataa kwenda. Basi mgomo ung'oao nanga ni kama usingizi ulioamka.

Nina mfano wangu niupendao, ambao nyumbani wameshanikataza kuusema wakati wa chakula. Madaktari wa hospitali za umma waligoma tarehe 5 Desemba 2016. Kama kawaida tukaambiwa mgomo umeng'oa nanga. Desemba, ndugu zangu, ni kaskazi. Upepo watoka Uarabuni na Bara Hindi waja kwetu. Ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi Mombasa, nayo yakakaa hapa kungoja upepo wa kusi yapate kurudi. Nahodha atakayeng'oa nanga Desemba ashike njia ya Maskati, upepo wote wampiga usoni. Labda alikuwa aenda kusini, Unguja au Kilwa. Haya, mgomo ulidumu siku 100, hadi Machi 14, 2017. Siku 100 baharini alifika wapi? Hapana alipofika. Serikali na madaktari walivutana pale pale, na ule mkataba wao wa mishahara wa 2013 uliozua yote ukabaki karatasini. Viongozi saba wa KMPDU walipofungwa mwezi Februari kwa kuidharau mahakama, wao pekee ndio waliosafirishwa. Wao na mgonjwa mwenye nazo, aliyetoka hospitali ya umma akaenda ya kulipia. Asiye nazo alitia nanga nyumbani kwake.

Kuna aliyenijibu kwamba hii ni istiari ya kuanza safari, na kila jambo lina safari yake. Sawa. Timu ikipanda basi kwenda kucheza Nairobi, na iseme imeng'oa nanga, sina neno. Lakini istiari ikibandikwa kila mahali hugeuka gamu ya bahasha, yashika chochote. Tena itumike angalau kwa kitu kinachokwenda.

Na kama kuna mji usiostahili kukosea hapa, ni huu. Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma Mombasa: makuli wa bandari, wa reli, wapishi na maboi wa majumbani. Mikutano ilifanyika Majengo, kwenye uwanja uliobandikwa jina la Kiwanja cha Maskini. Siku hizo kusimama kulikuwa kusimama. Makuli wakikaa, meli nayo hukaa na shehena yake tumboni ikingoja. Mwambie kuli wa siku zile kwamba mgomo wake umeng'oa nanga, atakuuliza ni nani aliyefanya kazi mpaka chombo kikatoka.

Lipo na lile la "madaktari waweka chini zana zao". Hilo ni la Kiingereza kichwa mpaka kidole. Mwalimu aweza kuweka chini chaki, namuona. Daktari wa upasuaji akiweka chini zana, namuomba kwanza amshone aliye mezani. Hata hivyo nimelizoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye redio. Sitalipigia simu polisi.

Lakini nanga, la. Mwalimu, andika: "Mgomo wetu utaanza Jumatatu." Ukitaka kunoga, andika "walimu wagoma" ukomee hapo. Maneno mawili, kila mzazi ataelewa, na mkuu wa shule ataelewa upesi zaidi. Nimeitazama hata Katiba ya 2010, Kifungu cha 41: mfanyakazi ana haki ya kugoma. Haki ya kung'oa nanga sikuiona.

Limebaki swali lako la mwisho, nalo ndilo zuri kuliko yote. Kusitisha si kufuta. Kusita ni kusimama kidogo bila kuliacha jambo, na mgomo uliositishwa waweza kurudi wiki ijayo na madai yale yale. Kufuta ni kulimaliza. Ukitaka tena, waanza upya, ilani na yote. KUPPET ilipowarudisha walimu madarasani mapema Septemba 2024, baada ya kama wiki moja ya mgomo, ule uliitwa mgomo uliositishwa. Viongozi wa vyama waijua tofauti hii kuliko sisi wenye kamusi, na ndiyo maana neno "tumefuta" ni nadra kulisikia vinywani mwao. Kwa hiyo kabla hujaandika tangazo, muulize katibu wa tawi alitamka lipi, umwandikie hilo hilo. Akisema ati mgomo umetia nanga, niletee namba yake ya simu.