Siki ya unga kwenye krispi za mihogo

Dada, nimekuelewa: unakaanga krispi za mihogo za kuuza, muuzaji amekuletea siki ya unga kwenye mfuko usio na lebo, na unaogopa kuwadhuru wateja. Una haki ya kuogopa.

Siki yenyewe haina neno. Tatizo ni kwamba kwa jina hilo huuzwa vitu viwili. Kuna siki halisi iliyokaushwa pamoja na maltodekstrini (unga laini unaotengenezwa kutokana na wanga) au wanga, na kuna sodiamu diasetati, chumvi ya asidi ya siki, ambayo kwenye lebo huandikwa E262 au INS 262. Zote huliwa, ila hiyo ya pili ina nguvu na imewekewa viwango. Marekani, kwa mfano, ukomo kwenye vitafunwa ni asilimia 0.05, yaani nusu gramu kwa kilo. Kiasi hicho hakipimwi kwa kijiko. Nunua mizani ndogo ya gramu.

Mfuko huo usiutumie kabisa. Mdai muuzaji lebo kamili na cheti cha uchunguzi wa maabara, tena muulize siki imetokana na nini. Ikiwa ni shayiri, onya kwenye pakiti kwa ajili ya wasioweza kula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Unapochanganya vaa barakoa, maana vumbi lake huwasha macho na koo.

Kama uko Tanzania, nenda TBS, Shirika la Viwango, kabla hujachapisha lebo (usalama wa chakula uko kwao tangu 2019). Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Mteja akivimba midomo au akipumua kwa shida, awahishwe hospitali.