Kwa anayekwenda kusomea barafu ya bahari Trondheim

Kama umepata nafasi NTNU, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Trondheim, Norwei, na utafiti wako unahusu nguvu ya barafu inayosukuma gati, nguzo na minara ya baharini, hongera. Usiogope kwamba hukukulia kwenye baridi. Hata wenyeji waliokulia kwenye theluji wanaanza kuisoma barafu upya wanapolazimika kuipima.

Jambo la kwanza, acha kutafuta namba moja. Zege lina uimara wake unaopimwa siku 28 baada ya kumwagwa, unaandikwa kwenye mchoro na kazi inaendelea. Barafu haina namba ya namna hiyo, kwa sababu muda wote inakaa ukingoni mwa kuyeyuka. Barafu ya bahari tena imebeba ndani yake vifuko vidogo vya maji ya chumvi. Ikipata joto kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi nyuzi 3 chini ya sifuri, vifuko hivyo vinapanuka na uimara unashuka sana, ingawa kwa macho ni barafu ileile.

Kwa hiyo ukishatoboa na kuvuta kipande, pima joto lake papo hapo, kabla ya picha na kabla ya mazungumzo. Toboa vitundu vidogo kila baada ya sentimita kumi hivi, ingiza kipimajoto, andika. Kisha kata vipande haraka na uvifungie kwenye vyombo, maana maji ya chumvi yanachuruzika tangu unapokiinua. Andika kwa penseli, wino unaganda. Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Vipimo vya uimara visivyo na joto wala chumvi pembeni yake havitamsaidia mtu yeyote baadaye, hata kama mashine iliyovunja kipande ni ya bei kubwa.

Huenda ukapelekwa Svalbard, visiwa vya Norwei vya Aktiki, kwenye chuo cha UNIS mjini Longyearbyen, latitudo ya nyuzi 78 kaskazini. Mafunzo ya usalama yachukue kwa uzito wote, pamoja na ya kujikinga na dubu. Kazi nyingi za barafu huko zimefanyika katika ghuba ya Van Mijenfjorden, karibu na Svea, palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Kisiwa cha Akseløya karibu kinaziba mdomo wa ghuba hiyo, hivyo barafu inatulia ikashikana na pwani.

Hapo ndipo penye somo ambalo vitabu vingi vinalipita upesi. Maji yakijaa yanalowesha nguzo ya gati, yakitoka ule unyevu unaganda. Kujaa na kutoka, tabaka juu ya tabaka, mpaka nguzo inavaa koti nene la barafu. Bahari haisukumi tena nguzo iliyoko kwenye mchoro, inasukuma kitu kipana zaidi. Na barafu iliyoishika nguzo ikiinuliwa na maji, inaivuta juu nayo. Nguzo nyepesi inaweza kung'oka kidogo kidogo. Pima koti hilo kila unapofika.

Kasi nayo ina mambo yake. Barafu ikisukuma polepole inajikunja na kutambaa. Ikija kwa kasi inapondeka. Katikati ya hali hizo mbili barafu na jengo vinaweza kutikisana kwa mpigo mmoja. Mwaka 1986, katika Bahari ya Beaufort, Kanada, jukwaa la kuchimbia mafuta la Molikpaq lilitetemeshwa na barafu nene hadi sehemu ya mchanga uliojazwa ndani yake ikaanza kulegea kama uji. Lisome tukio hilo kabla ya kushika programu yoyote ya kompyuta.

Halafu fanya hesabu hii kwa mkono. Chukua mnara wa taa wa Norströmsgrund, Uswidi, wenye upana wa mita 7.5 hivi usawa wa maji, na barafu ya mita 0.7. Kanuni ya ISO 19906, kiwango cha kimataifa cha majengo ya baharini ya Aktiki, kwa kizidishi cha uimara wa barafu ya Baltiki cha 1.8, inakupa shinikizo la takriban megapaskali 1.4, yaani nguvu ya meganyutoni 7 na kitu. Weka kizidishi cha 2.8 cha Aktiki, meganyutoni zinapita 11. Upana uleule, unene uleule. Ona pia kwamba shinikizo hilo ni dogo kuliko unalopata ukiponda kipande kidogo maabara: mbele ya ukuta mpana barafu haivunjiki kila mahali kwa wakati mmoja.

Mnara huo ulifungwa paneli za kupimia nguvu, na vipimo vyake vya hadi 2003 bado vinajadiliwa. Makala nyingi utazikuta kwenye kumbukumbu za POAC, mkutano wa kimataifa wa uhandisi wa bandari na bahari za Aktiki, ulioanzia hapohapo Trondheim mwaka 1971. Anza na zile zenye grafu za nguvu dhidi ya muda, na kabla ya kusoma maelezo ya mwandishi, jaribu mwenyewe kusema barafu ilikuwa inapondeka, inapinda au inatambaa.