Gitaa zito linapokusahaulisha nafsi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini gitaa lenye sauti nzito linalorudia mdundo uleule kwa dakika 20 hukufanya ujisahau, na kama hiyo ni dalili mbaya. Sioni ubaya. Hata mimi hunipata, na ndiyo sababu kubwa ya kuupenda muziki huu.

Ubongo hukisia kitakachofuata. Mdundo ukijirudia, kukisia kunakuwa kwepesi, na huenda ile sauti ya ndani inayokusimulia maisha yako ikatulia. Halafu kuna mwili: uzi mnene wa gitaa hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde, na wapigaji wengi huulegeza ushuke zaidi. Mtetemo huo ukipita kwenye spika kubwa, unausikia mpaka kifuani.

Jaribu hivi. Zima taa, kaa sakafuni, egemea ukuta. Noti ya mwisho ikipigwa, ifuate inavyofifia mpaka usijue kama bado unaisikia au unaikumbuka tu. Kaa hapohapo penye shaka, uitazame akili yako ikihangaika kuamua.

Tamashani vaa vizibo vya masikio, tafadhali. Na hali hiyo ya kujisahau ikikujia bila muziki, ikakutisha, mwone daktari.