Tanuru linarudisha moshi ndani: feni au bomba refu?

SWALI: Tuko Keshero, hapa Goma. Jiko letu ni la mbao, limeegemea nyumba. Tumejenga tanuru la matofali la kuokea mikate, tunatumia kuni na makala. Bomba la moshi linatokea ukutani moja kwa moja, halipandi. Tukifunga mlango kwa sababu ya mvua, moshi unajaa na vichwa vinauma. Mume wangu anataka kutoboa tundu chini ya ukuta, anasema gesi hukaa chini kama mazuku, ile gesi ya volkano inayotoka ardhini. Mimi nafikiria feni. Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini?

JIBU: Mama, tuanze na hivyo vichwa. Moshi huwasha macho, lakini maumivu ya kichwa yananifanya nishuku monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Makala yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, watu hudhani hatari imepita, kumbe ndipo yanapoitoa kwa wingi. Mpaka kazi iishe, okeni mlango ukiwa wazi, mvua inyeshe isinyeshe. Anayesikia kizunguzungu au kichefuchefu atoke nje papo hapo.

Kuhusu mazuku, mume wako anasema kweli: ile ni dioksidi ya kaboni, nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni. Ya tanuruni si hiyo. Monoksidi ni nyepesi kidogo kuliko hewa, na ikitoka na joto hupanda, kisha huenea chumba kizima. Tundu la chini halitaitoa. Hata hivyo mtoboe, kwa kazi nyingine: kuingiza hewa. Moto unaovuta moshi juu lazima upate hewa ya kuchukua nafasi yake. Jiko likifungwa kabisa, hewa itashuka kupitia bombani na kurudisha moshi. Kwa kuwa mko Keshero, tundu hilo lisielekee shimo au bonde lenye mazuku. Liwe upande ulioinuka, karibu na mdomo wa tanuru, na nyufa za sakafu mzizibe kwa saruji, maana mvuto huohuo unaweza kunyonya gesi ya ardhini.

Feni iacheni. Feni inayotoa hewa jikoni hushindana na bomba, na ikishinda, moshi wote unakuja kwenu. Tena umeme ukikatika katikati ya kuoka?

Dawa ni bomba lisimame. Kinachovuta moshi ni joto pamoja na urefu, na bomba la kulala halina urefu wowote wa kuvuta. Liinueni kutoka kwenye tanuru lipite paa, lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, pamoja na mgongo wa paa la nyumba. Upana wa sentimita 15 unatosha tanuru dogo la nyumbani. Kona ikilazimika, iwe ya mwinamo mpole, si ya pembe mraba.

Hapa sasa ndipo nyumba zinapoungua. Bomba la bati la ukuta mmoja likae sentimita 45 kutoka kwenye ubao wowote. Linapopita paani, kateni mbao kwa upana huo, mweke bamba la chuma, na maji myazuie kwa kola ya bati juu ya manjanja (mabati ya paa). Kipande cha kwanza kisiwe cha bati lililopakwa zinki: joto kali huharibu zinki na kutoa mvuke mbaya. Mwambieni fundi wa kuchomelea atumie chuma cheusi kinene.

Mkimaliza, fungeni mlango na madirisha, washeni moto, kisha shikeni ubani unaofuka mbele ya mdomo wa tanuru. Moshi wake ukiingia ndani ya tanuru, bomba linavuta. Ukisukumwa nje, ongezeni urefu au panueni tundu la hewa.

Kila mwezi gongeni bomba kusikia kama masizi yamejaa, na mpapase maungio likiwa limepoa. Mvua ya Goma hubeba asidi ya moshi wa volkano ya Nyiragongo, hula bati haraka, hasa chini ya kofia ya bomba.