Kabla Hujairudisha Diski Kwenye Safu: Maneno kwa Wanagenzi wa Seva

Nimekuwa nikiwatazama wanagenzi wetu kwa muda sasa, na mchezo ni ule ule. Seva inazimwa kwa matengenezo, inawashwa, mtu anafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya safu za diski, anakuta [2/1] [U_], yaani diski moja tu kati ya mbili imo kazini, pale alipozoea kuona [2/2] [UU], na kabla sijavuta kiti amekwisha kuandika mdadm --add, amri ya kuongeza diski kwenye safu. Asilimia zinaanza kupanda, kijana anatabasamu, mimi jasho linanitoka. Mara nyingi hakuna kinachoharibika, na hilo ndilo balaa, kwa sababu linamzoesha mtu kuamini kwamba RAID 1 (safu ya diski zinazobeba data ile ile) iliyopungukiwa diski ni jambo la amri moja, ilhali amri hiyo ndiyo ya mwisho katika kazi nzima. Nawapenda, ndiyo maana nawaandikia badala ya kuwafokea tena.

1. Uliza kwanza diski ilitoka lini. Kuwasha upya hubebeshwa lawama nyingi zisizokuwa zake. Diski inaweza kuwa imeondolewa kwenye safu wiki nyingi nyuma, seva ikaendelea kuhudumia watu kwa diski moja, nawe ukaligundua siku ya kuwasha kwa kuwa ndiyo siku uliyokumbuka kuangalia. Tumia journalctl -k -b -1 kusoma maneno ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya kabla ya kuzima, na dmesg kwa ya sasa. Ukikuta maneno "kicking non-fresh", umekwisha kujibiwa: diski zote mbili zilionekana, kerneli ikalinganisha hesabu ya matukio (namba inayopanda safu inapobadilika) iliyoandikwa kwenye kila moja, ikaona moja imebaki nyuma, ikaiacha nje. Usipoyakuta, na diski moja haitajwi kabisa wakati safu inaanzishwa, basi huenda haikuonekana kwa wakati, na hilo ni tatizo jingine lenye dawa nyingine.

2. Herufi za diski si majina yake. Iliyokuwa sda jana inaweza kuwa sdb leo; tumia /dev/disk/by-id, na usichomoe kitu kabla hujasoma namba iliyo kwenye lebo.

3. Soma metadata (maelezo ya safu yaliyoandikwa kwenye diski yenyewe) ya diski zote mbili kabla ya kuandika chochote kwenye hata moja. Hapa sina budi kujianika, maana ushauri huu nimeulipia.

Tulikuwa na seva iliyobeba hifadhidata ya ofisi nzima juu ya RAID 1 ya diski mbili. Diski ya pili ilikuwa imeondolewa na kerneli miezi kadhaa nyuma kwa sababu ya waya uliolegea. Barua ya tahadhari ilitumwa kwa root, yaani msimamizi, wa seva ile ile, sanduku ambalo hakuna aliyewahi kulifungua, hata mimi niliyelipanga. Siku ya matengenezo tulizima, tukaihamishia diski ya kwanza kwenye kadi mpya ya SATA (kadi ya kuunganishia diski), na katika kupangapanga nyaya ule uliolegea ukakaa sawasawa. Tukawasha. Draiva ya kadi mpya, programu inayoiendesha, haikuwamo ndani ya initramfs, ule mfumo mdogo unaopakiwa kwanza seva inapowaka, kwa hiyo katika sekunde zile za mwanzo mfumo uliiona diski ya pili peke yake. Nayo haikujua kwamba ilikwisha kutolewa, kwa kuwa kerneli inapomwondoa mwanachama asiyefikika, habari hiyo huandikwa kwa aliyebaki, si kwa aliyeondoka. Kwa diski ile, sote tulikuwa bado tuko pamoja katika siku ile waya ulipolegea. Mfumo ukamsubiri pacha wake, ukachoka, ukaianzisha safu kwa diski moja iliyojaa data ya miezi iliyopita. Baadaye draiva ilipopakiwa, diski ya kwanza, yenye kazi yote ya watu, ikajitokeza na kuachwa nje ya safu.

Nikaona [2/1]. Nikaandika --add, kama mfanyavyo ninyi, na mdadm ikakataa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: ilikataa, na ikaeleza kwa nini. Ilisema kifaa hiki kinajitaja kuwa mwanachama hai wa safu, kwamba jaribio la kukirejesha limeshindikana, na kwamba haitakiongeza kwa sababu kufanya hivyo kungekigeuza kuwa diski ya akiba. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kama nia yangu ni kukifanya cha akiba, nitumie kwanza --zero-superblock. Mimi jicho langu lilikimbilia mstari ule wa mwisho, kwa kuwa ndio uliokuwa na amri ndani yake. Nilikuwa nimeonywa, nami nikalichukua onyo kama maelekezo. Nikafuta metadata, nikaongeza tena, safari hii ikakubali bila neno, na data ya zamani ikaanza kunakiliwa juu ya data mpya, kutoka mwanzo wa diski kuelekea mwisho wake, huku nimeegemea kiti nikiifuatilia kwa watch cat /proc/mdstat. Ilipofika [UU] nilimpigia mkuu wangu simu kumwambia mambo ni shwari. Nilisema hivyo hivyo, "shwari".

Kesho yake karani mmoja aliuliza, kwa upole mno, kwa nini hesabu za mwezi aliokwisha kuufunga zimetoweka. UU husema kwamba diski zote mbili zimo kazini. Haisemi zimebeba data ya siku gani. Tulichookoa kilitoka kwenye nakala rudufu, ambayo nayo ilikuwa ya zamani kidogo, na kilichobaki watu walikiingiza upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi zao.

Kilichohitajika ni mdadm --examine kwenye kila patisheni (sehemu ya diski) iliyo mwanachama wa safu, kisha kusoma mistari mitatu: Update Time (mara ya mwisho kuandikwa), Events (ile hesabu ya matukio) na Array State (hali ya safu, ambamo A ni diski iliyopo na nukta ni iliyokosekana). Katika hali ya kawaida, yenye Events nyingi zaidi ndiyo yenye data mpya, na kichekesho ni kwamba ndiyo inayoonyesha A. kwa sababu inajua mwenzake hayupo, huku iliyopitwa na wakati ikionyesha AA kwa kujiamini kabisa. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamefika mbali zaidi. Diski ya zamani ilikwisha kuanzishwa peke yake, kwa hiyo Update Time yake ingekuwa ya dakika ile ile, na mtu anayesoma mstari huo tu angeichagua hiyo hiyo ya zamani. Ila kila moja ingedai kwamba mwenzake ndiye aliyepotea, moja A. na nyingine .A, na ukiona hivyo toa mikono kwenye kibodi. Zima huduma, isimamishe safu, unganisha diski moja moja kwa --readonly, ufungue faili zenyewe kwa kusoma tu uone tarehe zake, na kama unayo nafasi nakili diski zote mbili nzima pembeni kabla hujaamua ipi ifutwe.

4. Safu ikirudi na jina la md127, badala ya lile ulilolipa, aghalabu ni kwa sababu mdadm.conf (faili la mipangilio ya mdadm) iliyomo ndani ya initramfs haiitambui. Rekebisha faili kwa kutumia matokeo ya mdadm --detail --scan, halafu, na hapa ndipo mnapochoka kabla ya kufika, ijenge upya initramfs: update-initramfs -u kwa Debian na Ubuntu, dracut -f kwa Fedora na jamaa zake. Ukiongeza kadi mpya, hakikisha draiva yake imo humo. Mnajua sasa kwa nini.

5. Msiunde safu juu ya diski nzima isiyo na patisheni. Diski iliyowahi kuwa na GPT (jedwali la patisheni) hubaki na nakala yake mwishoni, na zipo bodi ambazo UEFI yake (programu inayoiwasha mashine), ikiona mwanzo wa diski hauna jedwali, hulirejesha kutoka kwenye nakala hiyo kwa nia njema kabisa. Metadata ya toleo la 1.2 hukaa KiB 4 kutoka mwanzo, yaani katikati ya eneo linaloandikwa upya. Unarudisha diski, inajengwa, unawasha upya, imetoka tena, na fundi anaendelea kununua diski mpya.

6. Diski za kompyuta za mezani zikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana nayo muda mrefu kuliko sekunde 30 ambazo kerneli huzisubiri, na kwa ubishi huo zinaweza kutupwa nje ya safu. Amri ya smartctl -l scterc,70,70 huzipa kikomo cha sekunde 7, lakini diski nyingi huisahau zikikatiwa umeme, kwa hiyo iweke mahali itakapoendeshwa kila seva inapowaka. Diski isiyoikubali, iongezee muda wa kerneli hadi sekunde 180.

7. Katika ripoti ya smartctl, UDMA_CRC_Error_Count (makosa ya kusafirisha data) ikipanda, badilisha waya kwanza. Current_Pending_Sector (sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) ikipanda, andaa diski nyingine.

8. Weka bitmap ya ndani (ramani ya sehemu zilizobadilika), ili --re-add, amri ya kurudisha diski iliyotoka, inakili sehemu zilizobadilika tu.

9. MAILADDR, anwani ya tahadhari katika mdadm.conf, iwe sanduku linalofunguliwa na binadamu, na ujaribu kwa mdadm --monitor --scan --oneshot --test.

10. Kwenye seva zinazowaka kwa BIOS (njia ya kuwasha ya kabla ya UEFI), grub-install, amri ya kuweka programu ya kuwashia, ifanyike kwenye diski zote mbili. Mkitaka kuthibitisha kwa kuchomoa moja na kuwasha, vyema, lakini iliyochomolewa imekwisha kubaki nyuma tangu dakika hiyo. Irudisheni, subirini ujenzi ukamilike mpaka mwisho, ndipo mchomoe ya pili. Nimewaona wenye haraka wakizipokezana kabla ya hapo, na kuishia na A. na .A ambazo wamezitengeneza wenyewe.