Maji katika unabii si mataifa kila mahali

Ndugu, umeuliza kama maji ya Ezekieli 47 ni mataifa, kwa kuwa Ufunuo 17:15 inasema maji ni jamaa, makutano, mataifa na lugha. Hapana. Pale malaika anaeleza maji aliyokalia yule kahaba wa maono ya Ufunuo 17, na hilo linaoana na Isaya 17:12, ambako mataifa yanavuma kama bahari. Ukiupachika ufafanuzi huo kila sura, utaharibu unabii mwingine.

Ezekieli msome ukiwa na ramani. Maji yanatoka chini ya kizingiti cha hekalu, yanaelekea mashariki, yanashuka Araba, yaani bonde la Yordani, hadi Bahari ya Chumvi, iliyo zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari na yenye chumvi karibu mara kumi ya bahari nyingine. Samaki hawaishi humo. Nabii anapimiwa dhiraa 1,000 (kipimo cha kale cha urefu) mara nne, na kila mara maji yanazidi kina: vifundoni, magotini, viunoni, kisha mto usiovukika kwa miguu, na hakutajwa kijito chochote kinachouongezea maji. Halafu wavuvi wanasimama En-gedi, ukingoni mwa Bahari ya Chumvi! Kwa aliyeijua pwani ile, hilo ni jambo la kutetemesha: uhai unatoka kwa Mungu na kufika palipokufa kabisa.

Mstari wa 11 wengi wanauruka: matope na madimbwi hayaponywi, yanaachwa yawe ya chumvi. Wapo wanaoona hapo hukumu tu. Mimi naona riziki kwanza, maana chumvi ilihitajika katika ibada: katika Ezekieli 43:24 makuhani wanatupia chumvi sadaka ya kuteketezwa.