Jibu: Duka limeungua, naanzaje upya?

Pole sana mkuu, umeuliza mtu anaanzaje upya duka limeungua na mkopo bado anadaiwa, mi yalinikuta Kariakoo ule moto wa soko kuu Julai 2021, nilikuwa nauza mbegu na pembejeo, asubuhi nafika nakuta moshi tu na funguo za kibanda ziko mfukoni. Wiki mbili usingizi hakuna. Kilichoniokoa ni kuwafuata wanaonidai kabla hawajanitafuta, nikawaeleza ukweli wote, mmoja akanipa tena mzigo kwa mali kauli, yaani nauze kwanza ndo nimlipe, nikaanza na pakti ndogondogo za mchicha na bamia juu ya meza ya kuazima. Usijifungie ndani ndugu yangu, kama ni kulia, lia tu, ila kesho mfuate huyo anayekudai ukaongee naye.